Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Mayai na Mienendo ya Kuku wa Nyumbani

Mfugaji mwenye kuku kumi au ishirini uani, awe Arua, Mbale au pembezoni mwa Kampala, hakosi kufikiwa na siku ambayo hesabu inakataa: mitetea wamekula vizuri na wametetea asubuhi nzima, lakini kiotani hamna kitu, au yai lipo ila limevikwa utando mtupu bila gamba, au likivunjwa linatoa damu juu ya kiini, na watoto wanakataa kulila. Wengi wakifika hapo hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibiotiki ya kuchanganya katika maji, au humchinja kuku ambaye pengine hana kosa lolote. Naamini njia zote mbili ni hasara, kwa sababu yai lenyewe hueleza mengi juu ya mwili uliolitoa, mradi lichunguzwe kwa utaratibu: kwanza ujulikane ni nani anayetaga, kisha mayai yanakwenda wapi, ndipo litazamwe gamba, livunjwe yai, na hatimaye usomwe mwenendo wa kuku mwenyewe.

Kabla ya kuanza: yai hutengenezwaje

Kuku jike ana ovari moja tu inayofanya kazi, ile ya kushoto. Kiini kikikomaa huchomoka kutoka humo na kudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, ambako hukaa takriban robo saa, na kama kuna mbegu za jogoo, ni hapo zinapokutana nacho. Kisha huvikwa ute kwa muda wa saa 3 hivi, halafu tando mbili za ndani ya gamba kwa zaidi kidogo ya saa 1, na mwisho hukaa karibu saa 20 katika sehemu inayotengeneza gamba, ambako madini ya kalsiamu hujengwa juu yake taratibu, na rangi huja mwishoni pamoja na ule utando mwembamba wa nje unaoziba vitundu. Safari nzima huchukua saa 24 hadi 26.

Mambo mawili yatokanayo na hesabu hiyo humaliza nusu ya hofu za wafugaji. La kwanza ni kwamba kuku hawezi kutaga saa ile ile kila siku: aliyetaga saa mbili asubuhi leo atataga saa tatu au karibu saa nne kesho, na akisogea hivyo hadi alasiri, mwili wake huahirisha kiini kinachofuata, naye huruka siku nzima kabla ya kuanza upya asubuhi. Siku moja bila yai si ugonjwa. La pili ni kwamba sehemu kubwa ya gamba hujengwa usiku, kuku akiwa amelala na hali chochote, na kwa hiyo alichokula jioni kina uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Tujue pia tunamdai kuku gani. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, na hurudia hivyo mara tatu au nne kwa mwaka. Kuku wa kisasa wa mayai, akilishwa inavyopasa, hukaribia mayai 300. Kuroila, ambaye asili yake ni India, yuko katikati ya hao wawili. Kumpima kuku wa kienyeji kwa kipimo cha yule wa kisasa ni kumwonea.

Hatua ya kwanza: mtambue anayetaga

Kazi hii hufanywa vizuri zaidi usiku, kuku wakiwa wametulia kwenye kichanja cha kulalia. Mtoe mmoja mmoja, umshike mabawa yakiwa yamebanwa taratibu, na uanze kichwani: upanga wa kuku anayetaga ni mwekundu, umejaa na una joto, ilhali wa asiyetaga umesinyaa na kupauka. Kisha papasa chini ya mkia, ambapo utakuta mifupa miwili yenye ncha kandokando ya tundu la kutagia. Ikiwa vidole viwili au vitatu vinaingia kati ya ncha hizo, kuku anataga. Kikiingia kimoja tu, hatagi. Tundu lenyewe kwa anayetaga ni pana, jororo na lenye unyevu. Kwa asiyetaga ni dogo, kavu na limejikunja. Kwa kuku wenye ngozi ya njano kuna ushahidi wa ziada, kwa kuwa rangi ya njano huondoka mwilini na kuingia katika viini: huanza kufifia kuzunguka tundu, hufuata mdomo, na miguu hupauka mwisho baada ya miezi kadhaa ya kutaga.

Wakibaki wawili au watatu usioweza kuwapambanua, wafunge nyuzi za rangi tofauti miguuni bila kuwabana, na jioni umpake kila mmoja rangi yake ya chakula kwenye tundu la kutagia. Yai la kesho litatoka na mstari wa rangi ya mwenyewe. Yote haya yaandikwe katika daftari: tarehe, idadi ya mayai, gunia jipya la chakula lilifunguliwa lini, kuku gani wameongezwa na chanjo gani imetolewa. Daftari ndilo linaloonyesha kwamba mayai yalianza kupungua wiki ile ile pumba zilipobadilishwa, jambo ambalo kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuliapia.

Ukimkuta kuku ambaye hatagi na manyoya yake yanadondoka, hesabu imejibika. Manyoya hupukutika kuanzia kichwani na shingoni, kisha kifuani, mgongoni, mabawani na mkiani, na kwa muda huo, ambao mara nyingi ni miezi miwili hadi mitatu, mwili huelekeza protini kwenye manyoya mapya na kuacha mayai. Mwongezee mukene (dagaa) kidogo, umwache apumzike. Katika nchi za mbali na ikweta jambo hili hufuata kufupika kwa mchana, lakini Uganda mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima, na kwa hiyo majira ya mwanga hayawezi kulaumiwa: tafuta sababu katika umri, kuatamia, njaa au kiu. Kiu isidharauliwe. Karibu robo tatu ya yai ni maji, na kuku aliyekosa maji kwa siku moja ya jua kali anaweza kukatisha kutaga kwa siku nyingi zinazofuata. Anayewasha taa usiku ili kufikisha mwanga wa saa 14 hadi 16 aiwashe kwa saa zile zile kila siku, au asiiwashe kabisa, kwani mwanga unaopungua ghafla huvuruga utagaji.

Hatua ya pili: fuatilia yanakokwenda

Ikiwa mikono yako imethibitisha kwamba kuku wanataga, basi mayai yapo mahali. Kuku anayezurura huru hupenda giza na faragha, na katika shamba la migomba hapati shida: hutaga chini ya majani makavu, nyuma ya rundo la kuni au chini ya ghala. Wafungie bandani hadi saa tano asubuhi kwa siku kadhaa, wakati ambao wengi watakuwa wameshataga ndani. Yule atakayebaki na haraka ya kutoka, akitembea huku na huko kwa sauti ya kulalamika na kuchungulia kila pembe yenye giza, mfungulie na umfuate kwa mbali. Usitegemee mlio wa kutetea kukuonyesha kiota, kwa sababu mara nyingi kuku hutetea akiwa ameshaondoka hapo.

Ukikipata kiota cha siri, acha yai moja ulilolitia alama ya mkaa, au yai bandia la mti, na utoe mengine, maana ukikomba yote atahama. Mayai usiyojua umri wake yatie katika bakuli la maji baridi: lililo bichi hulala chini, la siku nyingi husimama, na linaloelea litupwe. Hutokea hivyo kwa kuwa maji hutoka ndani ya yai kupitia vitundu vya gamba, nayo nafasi ya hewa kwenye upande butu hupanuka kila siku. Mayai ya kuhifadhi yasioshwe, kwa sababu maji huondoa ule utando wa nje unaozuia vijidudu. Yafute kwa kitambaa kikavu.

Kama kiota kinajulikana na bado mayai yanatoweka, nyunyiza jivu laini mlangoni na kuzunguka kiota jioni, kisha usome nyayo asubuhi. Kenge huacha mburuzo wa mkia kati ya nyayo. Nguchiro huacha magamba yaliyovunjwa mbali kidogo, kwa kuwa hulirusha yai kwenye jiwe au gogo hadi lipasuke. Panya huacha kinyesi na gamba lililotafunwa. Yai likitoweka lote bila tone, fikiria nyoka, kenge au mkono wa mtu. Yupo nyoka mla mayai ambaye hana sumu: hulimeza yai zima, hulivunja kwa mifupa ya ndani ya koo, kisha hulitapika gamba likiwa limekunjamana. Ukiliona gamba la namna hiyo, ziba matundu ya banda kwa waya wenye matundu madogo, na hakuna haja ya kumuua mnyama huyo.

Mwizi anaweza pia kuwa kuku mwenyewe. Nyasi zenye ute na mdomo wenye kiini kilichokauka ni ushahidi wa kutosha. Tabia hii aghalabu huanza kwa yai la gamba jepesi lililovunjika kwa bahati mbaya, na kuku akishaonja hutafuta tena. Watu wengi hushauri kutia pilipili ndani ya gamba tupu, lakini ndege hawahisi ukali wa pilipili kama sisi, na mara nyingi hula bila kujali. Kinachosaidia ni kumnyima nafasi: kusanya mayai mara mbili au tatu kabla ya alasiri, weka kiota kimoja kwa kila kuku wanne au watano, chenye upana, kina na kimo cha sentimita 30 hivi, nyasi nyingi ndani na pazia la gunia mlangoni, na uache mayai ya mti ambayo atayadonoa hadi achoke. Kisha rekebisha magamba, maana ndiko tatizo lilikoanzia.

Hatua ya tatu: soma gamba

Karibu asilimia 95 ya gamba ni kalsiamu kabonati, na kila yai huondoka na takriban gramu 2 za kalsiamu kutoka mwilini mwa kuku. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali cha kuku wanaokua huwa na asilimia 1 hivi, na pumba za mahindi peke yake hazina hata hiyo. Kwa hiyo mfugaji anayewalisha mitetea wake pumba na mabaki ya jikoni, kisha akashangaa kwa nini mayai ni laini, anayo sababu mkononi. Nunua magamba ya konokono yaliyosagwa kwa punje za ukubwa wa mchele, ambayo maduka ya chakula cha kuku huuza, au kausha magamba ya mayai kwenye moto na kuyaponda. Weka katika chombo chake peke yake, hasa alasiri na jioni, ili kuku ajichukulie kadiri anavyohitaji; punje hizo hubaki katika firigisi na kuyeyuka taratibu usiku, saa zile zile gamba linapojengwa. Usichanganye katika chakula cha vifaranga, kwani kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Kuku wanaofungiwa muda wote huhitaji pia vitamini D katika chakula, maana bila jua au vitamini hiyo mwili hautumii kalsiamu ipasavyo.

Chakula kikiwa sawa na bado gamba ni bovu, angalia namna tatizo lilivyoenea. Mtetea anayeanza kutaga anaweza kutoa mayai machache yasiyo na gamba, yenye viini viwili, au madogo kama kete yasiyo na kiini kabisa, kwa sababu mwili wake haujapata mpangilio. Mpe wiki chache. Mshipi ulioinuka katikati ya yai huonyesha kwamba gamba lilipasuka likiwa bado tumboni na mwili ukaliziba, na mara nyingi chanzo ni msongamano au hofu ya usiku, kwa mfano mbwa aliyelizunguka banda. Joto kali hupunguza unene wa gamba, kwa kuwa kuku anayehema hupoteza hewa ya kaboni anayohitaji kulijenga. Kivuli na maji baridi ndiyo tiba. Gamba la kahawia linalopauka kwa siku moja mbili baada ya hofu si la kuogopesha, kwa kuwa rangi huwekwa mwishoni na yai hutoka kabla haijakamilika.

Hali ni tofauti kabisa ikiwa kuku wengi, waliokuwa wakitaga vizuri, wanaanza kwa pamoja kutoa magamba laini, yaliyokunjamana au yaliyopauka. Hapo zingatia magonjwa ya virusi. Mafua makali ya kuku yanayoshambulia njia ya hewa (infectious bronchitis) huacha magamba yenye mikunjo na ute mwepesi kama maji. Upo pia ugonjwa unaoshusha utagaji huku kuku wakionekana wazima, nao kwa asili ni wa mabata na mabata bukini, na ni sababu nzuri ya kutowanywesha bata na kuku katika chombo kimoja.

Hatua ya nne: vunja na utazame ndani

Tone la damu juu ya kiini hutokana na mshipa mdogo uliopasuka kiini kilipokuwa kikichomoka. Halimaanishi kwamba kifaranga kimeanza, na yai linalika. Alama ya yai lililorutubishwa ni nyingine: ni doa jeupe juu ya kiini lenye duara safi, wakati katika yai lisilorutubishwa doa hilo ni dogo na halina umbo maalumu. Jogoo hahitajiki ili kuku atage, ila mbegu zake hudumu mwilini mwa jike kwa wiki mbili hivi, na anayebadilisha jogoo kwa ajili ya mbegu bora asubiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kuangua.

Rangi ya kiini hufuata chakula. Mahindi meupe, ambayo ndiyo mengi Uganda, hutoa kiini kilichopauka. Dodo (mchicha), majani ya maboga, nyasi mbichi na mahindi ya njano hukikoleza. Wauza rolex, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, hupenda kiini kilichokolea, na mnunuzi ana haki ya kupenda, lakini rangi hiyo peke yake haithibitishi kwamba yai lina protini zaidi. Ninaloomba lizingatiwe kwa makini, hasa katika maeneo ya pamba kama Lango na Teso, ni mashudu ya pamba: yakizidi katika chakula, kiini cha yai lililohifadhiwa hugeuka rangi ya zeituni na ute huwa wa waridi. Ute wa waridi wenye harufu mbaya, hata hivyo, ni uozo wa bakteria, na yai hilo litupwe. Harufu ya samaki katika mayai huashiria mukene uliozidi au uliochacha.

Kitu kimoja kisichukuliwe kwa wepesi: donge gumu lenye matabaka, mfano wa jibini, linalotoka badala ya yai. Hilo ni usaha uliokauka wa mrija wa mayai ulioambukizwa, na kuku huyo anahitaji daktari wa mifugo.

Hatua ya tano: soma mwenendo

Kuku anayeng'ang'ania kiota, anayejinyonyoa manyoya ya kifua na kuvimba kwa mlio mzito ukimkaribia, ameingia katika kuatamia na ameacha kutaga. Amua mara moja. Ukitaka vifaranga, mwekee usiku mayai 10 hadi 13 ambayo hayajapita siku 7, yapime siku ya saba kwa tochi ya simu gizani ili uondoe yasiyo na mishipa, na umpe siku 21. Usipotaka, mweke katika kizimba kilichoinuliwa chenye sakafu ya waya au fito, pamoja na chakula na maji lakini bila kiota, kwa siku tatu au nne, ili upepo upoze tumbo lake. Kumtumbukiza katika maji baridi, kama wengi wafanyavyo, ni kumtesa bila sababu.

Mdonoano una utaratibu wake. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ndiye aliyeeleza kisayansi kwamba kila kundi la kuku lina ngazi ya nani amdonoe nani. Ukiingiza mgeni, ngazi yote hupangwa upya na mayai hupungua kwa muda. Mtenge nyuma ya wavu kwa wiki moja ili wazoeane kwa macho, kisha uwachanganye usiku, na uongeze vyombo vya chakula ili wanyonge nao wale.

Kuku jike anayewika huchinjwa siku hiyo hiyo katika nyumba nyingi kwa kuhofiwa kuleta mkosi. Sababu iko mwilini: ovari ya kushoto ikiharibika, homoni za kike hupungua, na kiungo cha kulia kilicholala tangu utotoni kinaweza kukua na kumpa tabia za jogoo. Wakati mwingine ni kuku mkuu tu katika kundi lisilo na jogoo. Huenda asitage tena, na kumla au kumwacha ni uamuzi wa nyumba.

Kuku wanaogoma kuingia bandani magharibi huenda wanakimbia utitiri. Pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja usiku. Kikitoka na madoa mekundu, ondoa nyasi zote, safisha nyufa, na uwawekee shimo la mchanga mkavu na jivu la kuogea. Anayesimama wima, mkia chini, akijikamua bila yai kutoka, mkalishe tumbo na mkia katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, kisha mahali pa giza na utulivu. Yai lisivunjwe ndani, na usiku usipite bila kumwita daktari kama halijatoka.

Wakati wa kumwita afisa mifugo

Mwite afisa mifugo wa eneo lako mara kushuka kwa mayai kunapofuatana na kinyesi cha kijani, shingo zilizopinda, kuhema kwa mdomo wazi au vifo vya ghafla. Hizo ni dalili za kideri (ugonjwa wa Newcastle), ambacho hakina dawa ila kina chanjo. Ile ya I-2, ya tone la jicho, hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne kwa kuku wazima. Mpelekee daftari na mayai mawili matatu yenye kasoro, usizike ushahidi. Antibiotiki haiui virusi, na akiiagiza kwa ugonjwa mwingine, muulize ni siku ngapi mayai hayafai kuliwa. Mayai ya siku hizo yasiuzwe, yasigawiwe jirani, wala yasikaangiwe watoto.